Mtani Aliponisalimu kwa Heshima

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaokuja kukaa barazani kwangu mkijifanya mmekuja kunijulia hali, kumbe mnataka hadithi za pongo, leo nitalijibu lile swali lenu. Kila siku mnaniuliza: "Babu, ulipokuwa unavuta upinde, mkono ulikuwa hautetemeki?" Ulikuwa unatetemeka, jamani! Anayekwambia mkono wake hautetemeki mbele ya mnyama anakudanganya mchana kweupe. Kazi yangu ilikuwa kujua la kufanya na mkono unaotetemeka. Kazi hiyo nilifundishwa na watu wawili, mjomba wangu mwenye kisirani na mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote Kariakoo.

Najua mnachofikiri. Mtu wa Kariakoo na uwindaji wapi na wapi? Lakini nyakati zile, Mjerumani ameshaondoka na Mwingereza ameshakaa kitini, mji wenyewe ulikuwa mdogo. Ukitoka sokoni ukateremka kidogo tu, umeshaingia bonde la Msimbazi. Kule chini kulikuwa na bustani za watu: mchicha, kunde, bamia, matembele, na mpunga kwenye majimaji. Mboga uliyoinunua sokoni asubuhi ilikuwa imechumwa kule jua likichomoza. Na kando ya bustani kulikuwa na matete marefu kuliko mtu, na ndani ya matete hayo ndimo walimolala pongo.

Pongo, kwa msiomjua, ni jamii ya swala, mkubwa kuliko mbuzi. Dume lake lina rangi ya kiza na madoa meupe ubavuni, na pembe mbili zilizojisokota. Anatembea peke yake, na akishtuka anabweka kama mbwa. Akiingia kwenye kunde zako anachagua majani machanga tu, bwana mkubwa yule, na kukikucha unakuta tuta zima ni vijiti. Bunduki ilikuwa hairuhusiwi kulia karibu na nyumba za watu, na hata ingeruhusiwa, nani kati yetu alikuwa nayo? Kwa hiyo wenye bustani waliniita mimi na upinde wangu. Nyama ilikuwa yangu, na mboga nilikuwa sinunui.

Jambo moja mliweke akilini tangu sasa. Pongo mzima anakukimbia. Pongo mwenye jeraha anajilaza mahali akakungoja.

Mjomba wangu, Mjomba Kibwana, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa kuwamba vitanda. Alikaa barazani mchana kutwa na miguu yake kaikanyagisha kwenye tendegu, yaani mguu wa kitanda, anavuta kamba. Alikuwa haongei sana, na akiongea anakusema. Upinde wangu wa kwanza alinichongea yeye, wa mti wa mkole, na upote wake, yaani ile kamba ya upinde, aliusokota kwa kano za ng'ombe alizopewa machinjioni. Sumu hakutaka kuisikia. "Sumu ni ya mtu asiyeuamini mkono wake," alisema. "Na nyama ile watu watakula."

Siku aliyonipeleka bondeni mara ya kwanza nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini, ndevu ndiyo kwanza zinaniwasha. Tulikaa kwenye matete mpaka miguu ikafa ganzi. Pongo akatoka. Jamani, kuona kitu unachokitaka kimesimama hatua kumi na tano mbele yako ni balaa! Moyo ulinipiga nikadhani yule mnyama anausikia. Nikavuta, mkono ukaanza kucheza, mshale nao ukaanza kugongagonga kwenye mti wa upinde, ta-ta-ta-ta, na kabla sijaachia ukateleza ukaniangukia mguuni. Pongo akanitazama. Akatafuna kidogo. Akaondoka kwa miguu yake, wala hakukimbia.

Mjomba hakucheka. Kesho yake asubuhi, "Shikamoo Mjomba," nikamwamkia kwa aibu. "Marahaba," akasema. "Chukua upinde wako usimame pale uwanjani. Vuta, usiweke mshale. Ukishavuta usiachie mpaka nikwambie. Kuna mtu nimemwita."

Mtu aliyemwita alikuwa Bi Kalunde.

Huyu Bi Kalunde alinizidi kama miaka kumi. Alikuja Dar es Salaam na mumewe aliyekuwa mpagazi wakati wa vita vile vikubwa, mume akafa, yeye akabaki. Alikuwa na bustani kule bondeni na meza ya mboga sokoni. Na alikuwa mtani wetu. Nyinyi utani wenu siku hizi ni wa timu za mpira. Wetu ulikuwa wa makabila, Mzaramo na Mnyamwezi, tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo wakafikia kwa babu zetu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia akaivaa yeye. Anakuita mtumwa wake, nawe unamwita mtumwa wako. Na ukikasirika, wewe ndiye mkosaji, na faini utatozwa.

Basi nikavuta upinde, na Bi Kalunde akatua sinia lake la mboga, akaweka mikono kiunoni, akaanza. "Haa! Mzaramo na upinde! Tangu lini? Nyinyi mnachoweza kulenga ni ngozi ya ngoma, tena mkiwa mmekaa!" Watu wakaanza kusimama. "Tazameni mkono huo! Unakoroga uji, baba? Mtumwa wangu, huyo pongo akikuona atakukaribisha chai, akuonee huruma!" Nikacheka, mkono ukaanguka. "Anza tena," akasema Mjomba, wala hakuinua macho kwenye kamba zake.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Ikawa kila Bi Kalunde akipita kwenda sokoni anasimama kidogo kunitukana. Nikicheka, naanza tena. Nikikasirika, naanza tena na Mjomba ananisema na yeye. Alinitukania pua, alinitukania mwendo, alisema nilizaliwa na mama akiwa njiani anaenda ngomani ndiyo maana situlii. Nami nikajifunza kuyaacha maneno yapite. Kuyazuia sikuweza, mwanamke yule nani angemzuia? Lakini niligundua kwamba ukivuta pumzi, ukatoa nusu, na nusu iliyobaki ukaiacha ikae tu kifuani bila kuibana, kuna kimya kidogo kinakuja. Ni kifupi. Ndani ya kimya hicho mkono unatulia, na hapo ndipo pa kuachia mshale. Ukichelewa, kimya kinaondoka, na ukiwa na akili unaurudisha upote polepole, unaanza upya.

Hilo la kuurudisha upote lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Kijana akishavuta anaona aibu kutoachia. Mjomba alikuwa akisema, "Upinde uliovutwa hauna deni na mtu."

Mambo mengine ya kazi nayasema kwa haraka, maana naona mmoja wenu ameshaanza kupiga miayo. Beba majivu kwenye kitambaa. Yapukute kidogo, utaona upepo unakwenda wapi, na wewe uwe upande ule unaokuja usoni mwako. Usimtazame mnyama mzima, na pembe ndiyo usizitazame kabisa. Mimi nilipoteza mishale mitatu kwa kupendezwa na pembe, maana mshale huenda yalikoenda macho, na pembe hazipikwi. Chagua doa moja dogo nyuma ya bega, ulitazame hilo mpaka usione kingine. Sema bismillahi unapoachia. Halafu kaa chini! Kaa chini kabisa, na kama unatafuna kitu, tafuna. Mnyama aliyepigwa ukimfuata mbio atakimbia mpaka Pugu. Ukimwacha, analala, nawe unamfuata kwa damu. Damu yenye povu ni ya mapafu, hayupo mbali, wahi na kisu umchinje angali hai. Damu nzito yenye harufu na vipande vya majani ni ya tumbo. Hiyo ni habari mbaya. Huyo unamwacha mpaka kesho yake.

Msidhani Mjomba mwenyewe alikuwa malaika. Alikuwa mvuta ugoro, na siku moja tukiwa bondeni alijipa ugoro kidogo "kutuliza akili", akavuta upinde, na katikati ya kuvuta ikamjia chafya. Mshale ukaenda kuchoma boga la watu, ukasimama humo unatikisika. Pongo huyooo! Nilijizuia nisicheke mpaka machozi yakanitoka. Mjomba akafuta pua, akaliendea boga, akachomoa mshale wake. "Na lenyewe lilikuwa linakula kunde," akasema.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kuwasimulia. Mnalijua nusu yake. Mmesikia mitaani kwamba babu yenu alimwokoa mwanamke kwa mshale mmoja. Nusu ya pili ndiyo hii.

Nilikuwa nimeshakuwa mwindaji wa kuitwa. Wiki ile pongo mmoja dume alikuwa anamaliza kunde za Bi Kalunde mwenyewe, na kila nikipita sokoni ananipigia kelele toka mezani kwake: "Jamani, pongo wangu amenenepa! Jana amenitumia salamu, anamuulizia Mzaramo, anasema mbona haji tucheze?" Soko zima linacheka. Ulikuwa utani, na nilishaufanyia mazoezi miaka. Lakini wiki ile uliniingia. Nilitaka nimfunge mdomo.

Basi alasiri moja nikajibanza kwenye matete kando ya bustani yake. Pongo akatoka jua likiwa bado lipo. Alisimama mshazari, ubavu haukuwa wazi. Mjomba angeniambia ngoja. Lakini nikasikia sauti za wanawake wanakuja na njia wakicheka, nikaona watamshtua, nikaona na kesho Bi Kalunde atakavyonisema, na ile nusu pumzi sikuitoa. Nikaachia. Mlio ulikuwa mbaya, kama kupiga gunia lililolowa maji. Pongo akaruka mgongo umejikunja, akazama matetene. Nilipokwenda kutazama nikakuta damu nzito, na majani yaliyotafunwa ndani yake. Nimempiga tumboni.

Kumwacha mpaka asubuhi ilikuwa sawa. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini ilikuwapo desturi yetu ya bondeni, nayo ilikuwa nzito kuliko yote niliyowatajia: ukiacha pongo mwenye jeraha, kabla hujala, kabla hujanawa, unapita kwenye nyumba za wenye bustani na kusema kwa kinywa chako mwenyewe, "Nimejeruhi. Kesho mtu asishuke mpaka niwaambie." Basi. Maneno machache tu.

Nikapanda kutoka bondeni nia yangu ikiwa hiyo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kalunde. Nikafika uani, nikasikia sauti yake ndani akicheka na shoga zake. Nikasimama. Nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa: "Mzaramo kampiga pongo tumboni! Alikuwa anamtafutia chakula?" Mwaka mzima. Mpaka watoto watauimba. Nikajiambia, nitashuka asubuhi na mapema kabla ya mtu yeyote, nitammaliza, hakuna atakayejua. Nikapita. Nikapita nyumba zote, nikaenda kwangu, nikala, na chakula kilipita vizuri tu, Mungu anisamehe.

Asubuhi nilishuka mwanga ukiwa ndiyo unafunguka. Bi Kalunde alikuwa amenitangulia. Siku ile kulikuwa na harusi mtaani, na alikuwa ameagizwa mchicha mwingi.

Nilisikia kwanza pongo akibweka, kisha nikasikia kishindo. Nikakimbia mpaka ukingo wa matete. Kwenye bustani yake kulikuwa na shimo la maji ya kumwagilia, la kina cha kiuno. Bi Kalunde alikuwa humo ndani, kitenge chake kimejaa damu pajani, na pongo amesimama ukingoni ameinamisha pembe. Kila mara mama wa watu akijaribu kupanda, yule mnyama anamrushia kichwa. Nilikuwa hatua kama ishirini. Nikavuta upinde.

Mgongo wa pongo ulikuwa kwangu, na mbele yake, kwenye mstari ule ule wa mshale wangu, kilikuwepo kichwa cha Bi Kalunde.

Wajukuu zangu, mkono ulitetemeka siku ile! Mshale uligonga mti wa upinde kama ile siku ya kwanza. Yeye akaniona. Hakusema kitu. Miaka yote ile sijawahi kumwona kimya, na kimya chake kiliniogopesha kuliko pembe. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema achia, achia, mama wa watu anauawa, na ni wewe uliyemleta huyu mnyama hapa!

Nikaurudisha upote polepole. Nikaushusha upinde.

Kisha nikaanza kutembea pembeni, kuelekea kwenye tuta la viazi ambapo ningeupata ubavu, na nyuma ya ubavu pawe na matete matupu. Hatua ndogo ndogo, mguu mmoja, mwingine, nisivunje kijiti. Lakini kutoka pale shimoni, mtu ambaye ameshika upinde, ameushusha, anaondoka pembeni, unamwona anafanya nini? Anakimbia. Bi Kalunde aliona ninamkimbia. Akaanza kulia, sauti ndogo ndogo ya mtoto. "Kondo," akasema. "Kondo, usiniache, ndugu yangu." Hakuniita mtani. Hakuniita mtumwa wake.

Nami sikuweza kumjibu. Ningefungua kinywa, yule mnyama angeshtuka, na wa kwanza kuumizwa ni yeye. Nilitembea na sauti ile sikioni. Matusi yote aliyonitukana uwanjani kwa Mjomba hayakuniandaa kwa sauti ile. Machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha yatoke, kwa sababu kuyafuta kungenichukulia mkono.

Nikafika kwenye tuta. Ubavu ukafunguka. Nikatafuta doa moja jeupe nyuma ya bega. Nikavuta, nikatoa pumzi nusu, kile kimya kikaja, nikasema bismillahi. Pongo alipiga hatua mbili akaanguka upande wa huku, akanikuta nimeshafika na kisu.

Nilimtoa shimoni, nikachana shuka yangu nikamfunga paja, nikambeba mgongoni kupanda kwenda mjini. Tulipokuwa katikati ya mlima akaniuliza swali moja, kinywa chake karibu na sikio langu: "Kondo, yule pongo alikuwa na mshale mwingine, umevunjikia tumboni. Una manyoya ya kanga. Ni wa lini?"

Manyoya ya kanga nilikuwa nayafunga mimi peke yangu.

"Wa jana," nikasema.

Tulipoingia Kariakoo watu walitukimbilia, na Wanyamwezi wenzake, walipoona damu si ya kufa, wakaanza: "Jamani, leo Mzaramo kageuka mpagazi! Mlipe nauli!" Soko likacheka. Yeye hakucheka. Tukampeleka hospitali, akashonwa, akapona, lakini mguu ule aliuburuza mpaka anaingia kaburini.

Nami nikawa shujaa. Kila baraza ni Kondo, Kondo mkono wa chuma, Kondo aliyezunguka akatafuta ubavu. Wauza samaki walinifungia samaki wa bure. Nilikuwa nasema "Ni Mungu tu," nikipokea samaki. Kwamba pongo yule alikuwa na mshale wangu tumboni tangu jana yake, tulijua watu wawili. Nilingoja aseme. Kila siku nilijiandaa: leo atanimaliza mbele za watu, leo.

Akarudi mezani kwake na fimbo. Nikapita asubuhi, nikaukaza moyo, nikasimama mbele ya mboga zake. Akainua uso akanitazama.

"Hujambo, Bwana Kondo," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Nyinyi hamwezi kuelewa. Nyinyi mtaona ni salamu nzuri. Mtani wako akikwita Bwana, akakuulizia hali ya nyumbani kwa adabu kama anavyomuuliza karani wa serikali, amekufuta. Bora angenitemea mate! Siku ya pili hivyo hivyo, "Hujambo, Bwana Kondo." Wiki, mwezi, miezi mitatu. Nilianza kuzungukia njia ya nyuma ili nisipite sokoni. Upinde niliutundika. Wenye bustani wakiniita nasema naumwa bega.

Mjomba Kibwana ndiye aliyeng'amua. Alikuwa anawamba kitanda, Bi Kalunde akapita akiburuza mguu, akaniamkia vile vile, akaenda zake. Mjomba akasimamisha kamba.

"Mtani wako amekuita Bwana," akasema. "Umemfanya nini yule mama?"

Nikamwambia yote. Jeraha la tumboni, nyumba niliyosimama uani kwake, kicheko nilichokisikia, na jinsi nilivyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anipige, nilikuwa mtu mzima na mke, lakini nilitaka anipige. Yeye akaendelea kuvuta kamba.

"Ungesema siku ile, wangekucheka," akasema. "Mtu akichekwa hafi. Nani umewahi kumzika kwa kuchekwa?"

"Hakuna, Mjomba."

"Basi yale maneno uliyotakiwa kuwaambia wenye bustani bado unayo. Nenda ukayaseme."

"Mjomba, ni miezi mitatu sasa. Yana faida gani?"

"Yameoza?" akauliza. "Kayaseme hivyo hivyo yameoza."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, soko limejaa. Nilisimama mbele ya meza ya Bi Kalunde, na wenye bustani wengine wako kulia na kushoto wakifunga mafungu yao. Nimesimama mbele ya pongo mara nyingi, wajukuu zangu, sijawahi kutetemeka vile. Nikasema kwa sauti wasikie wote:

"Nimejeruhi. Mtu asishuke mpaka niwaambie."

Wakanitazama wakadhani nimechanganyikiwa. "Hayo," nikasema, "ndiyo maneno niliyotakiwa kuwaambia ile jioni kabla Bi Kalunde hajaumizwa. Pongo yule nilimpiga mimi tumboni siku ile, kwa pupa. Nilipita milangoni kwenu sikusema, kwa sababu niliogopa mtanicheka. Mguu wa Bi Kalunde niliulemaza mimi. Mnaponisifu, mjue mnamsifu nani."

Mama mmoja aliyekuwa akinipa bamia za bure akasema, "Kumbe!" Mwingine akafyonza. Bi Kalunde alikuwa ameinama anafunga mchicha kwa ukili. Akafunga fungu la kwanza. Akafunga la pili. Nilidhani hatasema kitu, nikageuka niondoke.

"Mnamwona Mzaramo huyu?" akasema nyuma yangu, kwa sauti yake ile ya zamani ya kusikika mpaka upande wa pili wa soko. "Mshale wake ulitoka jioni, ukafika asubuhi. Nikasema haya, na mdomo wake nao utafika tu. Miezi mitatu! Najiuliza umekwama wapi, kumbe ulisikia ngoma njiani, ukaingia kucheza!"

Kisha mmoja akashindwa kujizuia, akafuata mwingine, na soko lote likaangua kicheko. Nikakaa chini pale pale nilipo, mwanamume mzima na kofia yangu kichwani, nikalia mbele za watu, wala sikuona haya.

Bi Kalunde aliniacha nilie kidogo. Halafu akanisukuma bega kwa fimbo yake.

"Inuka, mtumwa wangu," akasema. "Umekalia mchicha."